Mtori Uliopikwa Getini Tarakea

Siasa za nchi mbili mimi nimejifunzia kwenye ndizi. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, kwa sababu mama alijifungua na mimi ndiye niliyebaki nyumbani kukata majani ya ng'ombe. Kwa hiyo nikisema jambo la serikali hapa, asije mtu akaniuliza nimelisoma kitabu gani. Nimelisoma Tarakea, sokoni, nimekaa juu ya gunia na mikungu yangu imelala mbele yangu. Nilianza kabla ya kuolewa, na leo nina wajukuu wenye ndevu.

Ukitaka kujua kama Tanzania na Kenya zinaelewana, nenda sokoni asubuhi uwatazame wanunuzi wanaotoka ng'ambo. Wakikufokea, wakikuuliza, "Mama, hizi ndizi umezitoa wapi, kaburini?" basi tulia, mambo ni shwari, wakubwa wanakunywa chai pamoja. Lakini siku ukiona Mkenya anakusalimia taratibu, anauliza watoto hawajambo, anaushika mkungu wako kama anashika mkono wa mfiwa, hapo kuna jambo. Hana hakika kama atauvusha. Mimi nikipewa salamu ndefu na mnunuzi moyo unanishtuka.

Kwetu ni Mwika. Nina kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba, baba mkwe alimwachia mume wangu na mume wangu akaniachia mimi. Kutoka kwangu mpaka Tarakea unaipita Rombo yote. Siku hizi ni lami tupu, zamani ilikuwa unafika umekuwa mwekundu kama tofali, mpaka watu wa nyumbani wakakusahau sura. Ukifika mwisho wa nchi kuna geti, na upande wa pili wa geti ni Illasit, Kenya. Hakuna mto katikati wala korongo. Mbuzi wa Illasit anakuja kula majani ya Tarakea na kurudi kulala kwao, na sijawahi kusikia ameulizwa karatasi.

Wazee wetu walisimulia kwamba mstari wa mpaka ulikuwa unakuja umenyooka vizuri kutoka ziwani, ulipofika kwenye mlima ukapinda, kwa sababu kuna bibi mmoja mtawala huko Ulaya alitaka kumpa mjukuu wake mlima uwe zawadi. Mwalimu mmoja aliniambia hiyo ni hadithi tu. Huenda. Lakini mimi mwenyewe ni bibi na najua mabibi tulivyo, tukimpenda mjukuu tunagawa hata kisicho chetu. Vyovyote ilivyokuwa, mlima ulibaki kwetu, na sisi tunauringia mpaka leo.

Mkwe mwenzangu hapendi kusikia hivyo. Huyu ni mama wa mume wa binti yangu, kitinda mimba wangu. Ni Mkamba, anakaa Illasit, mwanamke mnene wa mwili na mnene wa maneno. Tukikutana hatuwezi kumaliza kikombe cha chai bila kuugombania mlima.

"Mlima mnao, sikatai," ananiambia. "Lakini uso umeuelekeza kwetu. Nyinyi mmebaki na mgongo."

"Na maji uliyopikia hii chai, yanatoka usoni au mgongoni?"

"Maji ni ya Mungu."

"Aha! Maji ni ya Mungu, lakini sura ni ya Kenya!"

Basi tunacheka mpaka chai inapoa. Tulifahamiana kwa njia mbaya, lakini tumefahamiana. Mwaka mmoja wa uchaguzi wao watu walichinjana huko ndani, na yeye alikuwa anafanya biashara mbali, katikati ya watu wasio wa kabila lake. Alikimbia na watoto wake mpaka Illasit, akaona bado hofu haijamtoka, akavuka. Nilimkuta sokoni Tarakea amekaa juu ya furushi. Nikamwuliza, "Mama, unauza nini?" Akasema, "Siuzi kitu, nimechoka tu." Nikampandisha gari tukaenda Mwika, akakaa kwangu wiki tatu, na kijana wake mkubwa akanisaidia kuchuma kahawa. Alikuwa hajui kuchuma, anang'oa na zile mbichi. Sikujua kwamba namlisha mkwe wangu. Miaka ilipita, kijana akarudi Mwika na wazee wake na mahari yake, na kahawa alikuwa bado hajui kuchuma.

Nasema haya ili mtu aelewe kwamba mimi Kenya siichukii wala siiogopi. Nimeiona imefungwa na nimeiona imefunguliwa. Ule umoja wetu wa kwanza wa nchi tatu ulipovunjika nilikuwa mke mpya. Mpaka ukafungwa kabisa, miaka na miaka. Kwetu sabuni ikapotea, sukari ikapotea, na ng'ambo vilikuwepo. Nitasema ukweli, maana nimeshazeeka na padri alishanisamehe: nilivuka. Nilipita mashambani na kahawa kifuani, nikarudi na sabuni kiunoni, nimenenepa ghafla kama mjamzito. Na siku moja mvua ilininyeshea njiani, nikafika nyumbani natoa povu. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Tulifanya hivyo wengi. Lakini sikuwahi kujisikia mtu. Unatembea umeinamisha kichwa katika ardhi ambayo shangazi yako ameolewa, ukisikia kijiti kimevunjika unalala kifudifudi. Nilijiambia, mpaka ukifunguliwa sitapita tena njia ya panya hata nikifukuzwa na simba. Ukafunguliwa. Nami nikashika neno langu.

Sasa nije kwenye habari yenyewe.

Binti yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza huko Illasit. Kwetu Uchagani mwanamke akijifungua tunamwita mzazi, na mzazi ni mfalme. Anakaa ndani miezi mitatu. Hachoti maji, hafagii, hashiki jembe. Anakula mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama iliyopondwa mpaka ikalainika, asubuhi na jioni, mpaka mashavu yanajaa na maziwa yanatiririka. Na mtori wa siku za kwanza unapikwa na mama yake mzazi, kwa ndizi za kihamba cha mama yake. Ni mshare, ile ndizi inayopondeka, na sikusema ndizi yoyote ya dukani. Mwanamke wa Kichaga ambaye binti yake amezaa halafu akaenda kumwona mikono mitupu, afadhali asiende. Watamsema mpaka kanisani.

Nilikuwa nimeshaiweka alama migomba miwili tangu mimba ikiwa changa. Simu ilipopigwa kwamba juzi amejifungua mtoto wa kike, nilikata mikungu siku hiyo hiyo, nikaisuka vizuri na majani makavu, nikavaa kitenge changu cha sikukuu, nikapanda gari.

Kumbe nchi zimenuniana. Nilikuwa nimesikia sikia. Wao walizuia kitu chetu, wakasema kina sumu. Sisi tukazuia kitu chao, tukasema kina ugonjwa. Wakazuia na kingine. Sikufuatilia, nilikuwa na ng'ombe mgonjwa nyumbani. Nilipofika Tarakea nikakuta soko limenyamaza, wanunuzi wanne tu, na wote wakanipa shikamoo ndefu. Moyo ukanishtuka.

Getini kwetu kulikuwa na kijana wa forodha, kwao kanda ya ziwa, mpole, ana adabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Napita, binti yangu amejifungua hapo ng'ambo."

"Hongera sana bibi. Wewe pita. Ndizi haziendi."

"Kwa nini haziendi? Zimeua?"

"Mazao mabichi hayatoki bila kibali, bibi. Ni agizo."

Nikamwambia basi ngoja nikawaulize wa upande wa pili, labda wao wana roho. Nikaacha mikungu yangu kwake, nikavuka hatua chache. Mkubwa wa upande ule alikuwa mrefu, amevaa miwani, mtu wa bara huko mbali. Wao bibi wanamwita shosho. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shosho, hata wao wakikuruhusu kutoa, mimi siruhusiwi kupokea."

Nikasimama katikati. Nikawaambia wote wawili kwa sauti, "Huyu hatoi na huyu hapokei! Sasa nani anasema hamna maelewano? Mbona mnaelewana vizuri kabisa!" Watu wakacheka, na yule wa miwani akacheka, lakini ndizi zikabaki.

Niliingia kumwona mwanangu hivyo hivyo, mikono mitupu. Sitasahau. Alikuwa amekaa kitandani, uso umenyauka, mtoto analia kilio kile cha hasira cha mtoto anayenyonya hewa. Siku ya tatu na maziwa hayajashuka, matone tu. Mkwe mwenzangu alikuwa anajitahidi, Mungu shahidi, anampikia mahindi na maharage, na uji, na chai ya maziwa. Ni chakula kizuri kwa mtu wa kulima. Ndizi sokoni Illasit hakuna hata kidole, kwa sababu ndizi za Illasit ni hizo hizo zetu.

Binti yangu alitazama mikono yangu, akatazama mlangoni nyuma yangu. Akasema, "Mama, umekuja na nini?"

Nikasema, "Vinakuja."

Mkwe mwenzangu akanivuta nje. "Wewe, kwani umesahau njia? Si mnapitaga hapo kwa mashamba? Watu wote wanapita. Nitatuma pikipiki ikungoje upande huu."

Nikakataa. Akanitazama kama nimeugua.

"Mtoto analia na wewe unaniletea kiburi?"

"Ni kiburi, ndiyo," nikamjibu. "Mjukuu wangu wa kwanza wa nchi hii hatakula vya wizi siku zake za kwanza. Sabuni niliivusha kwa kujificha. Mtori wa mzazi unaingia mlangoni." Nilisema hivyo kwa sauti ya juu, lakini nilipokuwa narudi Tarakea nilijiuliza njia nzima. Kama yale maziwa yasingeshuka ningejisameheje?

Nililala kwa rafiki yangu Tarakea, na asubuhi nikapata akili, au niliyodhani ni akili.

Kwetu kuna jani linaitwa isale. Ni refu, kijani kibichi, tunalipanda kwenye mipaka ya vihamba, na halifi kirahisi. Mtu akikukosea, hata kosa la kumwaga damu, akalikata isale akalifunga fundo akakuletea, ukilipokea mkononi umeshasamehe. Kesi imekwisha. Na kulikataa huthubutu, maana anayekataa isale ukoo wote unamkwepa. Nimeona watu waliokuwa wanatafutana kwa mapanga wakinywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu kimoja kwa sababu ya jani lile.

Nikafikiri, hawa wamenuniana tu kama ndugu wa kihamba kimoja. Nani kamkosea nani sijui, na nikiuliza kila mmoja ataonyesha mwenzake. Basi nitapeleka masale mawili. Mimi ni mtu mzima, nina haki ya kusuluhisha. Nani mwingine angefanya? Wakubwa wako mbali, na hawana mzazi wanayemlisha.

Nikakata mawili kwenye ua wa rafiki yangu, nikayafunga fundo, nikaenda getini mbele za watu. Kijana wetu nikampa kwa mikono miwili. "Baba, pokea hili kwa niaba ya nchi yako."

Akapokea. "Asante sana bibi. Nitalipanda ofisini."

Nikaona kajibu kitoto, lakini amepokea. Nikavuka kwa yule mwenye miwani. Akaligeuza geuza, akalinusa.

"Shosho, hii ni dawa ya nini?"

"Ya ugomvi."

"Ugomvi wa nani?"

"Wenu."

Akacheka kwa heshima, akalitia kwenye mfuko wa shati, ncha ikachungulia nje kama kalamu. Mimi nikashusha pumzi. Amepokea, na ameliweka kifuani! Haikunijia hata kidogo kwamba mtu mzima mwenye cheo anaweza kupokea isale bila kujua amepokea nini. Ni kama mtu akupe mkono halafu useme hukujua ni salamu. Huku kwetu hata mtoto wa miaka mitano anajua.

Nikaenda moja kwa moja sokoni nikawatangazia wanawake wa ndizi. "Wamepokea! Wote wawili! Nimewapa isale mbele za watu na wamepokea!"

Na wale wanawake, Warombo na Wamwika na wa mji wa Mkuu, wote wamezaliwa kwenye masale kama mimi. Hakuna aliyeuliza swali. Isale limepokewa, ugomvi umekwisha. Wakapiga simu makwao. Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Asubuhi nikaona mikungu inashuka kwenye magari kama zamani, migongoni, vichwani, kwenye mikokoteni, na wanawake wameshaanza kucheka. Tukajipanga tukaelekea getini, mimi mbele, kitenge cha sikukuu.

Yule kijana wetu alitoka ofisini, akatuona, rangi ikampotea.

"Bibi, hawa wote wanaenda wapi?"

"Ng'ambo. Ugomvi umekwisha. Si ulipokea jana?"

"Nilipokea nini?"

Nikasikia minong'ono nyuma yangu. Mwenye miwani naye akaja mpaka kwenye mstari, isale bado liko mfukoni mwake, limeanza kulegea. Na mkwe mwenzangu alikuwa amefika upande ule, amekuja na pikipiki kunipokea. Alipoona lile jani kifuani mwa mkubwa akashika mdomo. Yeye anajua, alikaa wiki tatu Mwika, alishaona.

"Mkubwa," akamwambia, "umeweka nini hapo kwa mfuko?"

"Hii? Ua la shosho."

"Ua? Haki ya Mungu, wewe umeshasamehe Tanzania nzima na hujui!"

Akamweleza. Akamweleza kwa sauti yake ile, mpaka madereva wa malori wakazima injini wasikilize. Watu wa kwao wakacheka, wa kwetu wakacheka, na mimi ndipo nikaelewa nilichofanya. Nimewaleta wanawake wenzangu na mali zao mpaka mwisho wa nchi kwa sababu ya jani. Mmoja wa Mkuu, mwenye mdomo, akatua mkungu wake chini, akanigeukia.

"Yaani bibi umetukatisha ndizi mbichi kwa sababu umempa mtu jani bila kumwambia ni jani gani?"

"Nimekosa."

"Umekosa! Na sisi utatuletea isale, au yameisha?"

Wakacheka tena, na hicho kicheko kiliniuma kuliko matusi. Lakini sikuondoka. Niliona mkwe amenitazama, na nilijua amekuja kutoka kitandani kwa mwanangu. Nikamwuliza kwa macho. Akatikisa kichwa. Bado.

Nikamwendea yule mwenye miwani. "Baba, mimi sijasoma. Nimekosea kudhani unajua mila yetu, hiyo ni aibu yangu. Lakini mkono wako ulipokea, na mimi nina mzazi hapo nyuma yako ambaye maziwa hayashuki. Niambie karatasi yako inasemaje, neno kwa neno."

Akavua miwani, akaifuta. Nadhani yeye pia alikuwa na mama mahali fulani. Akaingia ndani, akatoka na karatasi, akasoma. Mazao mabichi ya shamba. Akarudia. Mazao mabichi.

"Na yaliyopikwa?" nikauliza.

Akatazama juu na chini ya ile karatasi. Akaigeuza nyuma, kweupe. "Yaliyopikwa hayajaandikwa, shosho."

Nikamgeukia kijana wetu. "Na yako?"

Akakimbia ndani kabisa, huyu alikimbia. Akarudi anatabasamu. "Mabichi, bibi!"

Nilivua kitenge cha juu nikajifunga kiunoni. Wanawake walielewa kabla sijafungua mdomo, hao ndio Warombo. Mawe matatu yakapatikana hapo hapo kando ya geti, upande wetu, hatua chache kutoka mwisho wa Tanzania. Huyu akaleta sufuria la arusi, yule kuni. Mwenye bucha akaleta nyama ya mbuzi yenye mafuta, na mifupa. Yule wa Mkuu mwenye mdomo ndiye aliyekaa chini akaanza kumenya, na alimenya mikungu yangu kwanza, akasema, "Za mama yake ndizo zitangulie, tusije tukaharibu." Vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Wengine walitoa na zao. Sikumwomba mtu hata mmoja.

Nimepika mtori maisha yangu yote, lakini ule ndio niliopika nikiwa nimesimama wima. Nyama ikachemka mpaka ikaachana na mfupa. Ndizi zikaingia, zikaiva, nikaponda na mwiko mkubwa kwa mikono miwili, huku wakiimba. Madereva wa malori ya pande zote mbili wakasogea na vikombe vyao. Kijana wetu akapewa bakuli, akasema kwao wanapika matoke lakini hii ni kitu kingine. Nikamchotea na mwenye miwani. Alisimama upande wake, akanyoosha mkono kupokea bakuli juu ya mstari.

"Hii nayo nikipokea nimesamehe nini?" akaniuliza.

"Hiyo umekula tu, baba. Kula kwa amani."

Mtori ukatiwa kwenye sufuria la kubebea, likafunikwa kwa majani ya mgomba. Nikaweka ngata kichwani, wakanitwika. Kwa umri wangu watu walitaka kunisaidia, nikakataa. Kijana wetu alinyanyua geti. Nikamwambia baba, mimi mtu wa miguu napita pembeni. Akasema, "Hapana bibi, wewe leo pita katikati." Mwenye miwani naye akanyanyua la kwake. Nikapita katikati ya barabara, shingo wima, vigelegele nyuma yangu, na mkwe mwenzangu ametangulia mbele anawafukuza watu njiani kama polisi wa msafara: "Sogeeni! Sogeeni, chakula cha mzazi!" Nimewaona marais wakipita Moshi kwa magari meusi. Hakuna hata mmoja aliyepita kama nilivyopita mimi.

Binti yangu alikula bakuli la kwanza akalimaliza. La pili akasema chumvi imepungua, nikajua atapona. Jioni ile ile akaanza kushika kifua, anasema kinauma, kimekaza. Mkwe mwenzangu akamweka mtoto kifuani. Mtoto akahangaika, akashika, akanyamaza. Tukasikia anameza. Sisi mabibi wawili tulisimama pale tukisikiliza mtu anameza, hakuna aliyeukumbuka mlima.

Wale wanawake walinipikia getini siku zote zile. Kila asubuhi mmoja alikuwa na zamu, na mkwe mwenzangu alienda na pikipiki kuchukua sufuria la moto, na majirani wa Illasit wenye wazazi wakaanza kuleta na masufuria yao. Mikungu iliyokuja siku ile haikuoza. Sisemi kwamba nchi zilikuwa zimepatana, hazikuwa. Karatasi zilibaki ukutani vile vile. Nasema tu kwamba wanawake wasiojua kusoma karatasi walijua mahali ilipoishia.

Nilikaa Illasit miezi yangu mitatu kama inavyotakiwa. Siku moja nilikuwa nyuma ya nyumba nafua nepi, redio ya mkwe iko dirishani, nikasikia mtangazaji anasema wakubwa wa nchi zetu wamekutana, wameshikana mikono, vikwazo vimeondolewa, udugu umerejea. Nikamwita binti yangu, aliyekuwa ndani amenenepa kama ninavyotaka, mtoto kifuani.

"We! Umesikia? Wamepatana!"

Akajibu kutoka kitandani, "Kwani nani aligombana?"

Nikaendelea kufua.